Nilimwachilia tausi wa mke mwenzangu, sasa mwenyewe anahamishwa nyumbani kwake

Msimamizi, naomba jina langu lisionekane. Wengi wanaofuata ukurasa huu niliwafundisha mimi, na bado wananipa shikamoo njiani.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu wa sekondari, naishi Makorora, Tanga. Moyo wangu umechoka. Daktari amewaambia wanangu wakae karibu, nami niliwasikia wakinong'onezana. Ndiyo maana naandika leo kwa kidole kimoja, nikipumzika kila baada ya mistari miwili.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja. Mwenzangu, ninayemwita Bi Mdogo, ana nyumba yake Tongoni. Mume wetu alipofariki miaka sita iliyopita tukakubaliana tukae eda pamoja hapa kwangu, miezi minne na siku kumi. Mjukuu wangu wa kike alipoona tunazubaa akatuwekea kwenye simu mchezo wa shamba: unalima mahindi, unafuga kuku, unatembelea mashamba ya watu wa mbali. Bi Mdogo hakusoma sana, kwa hiyo shamba lake nilimfungulia mimi, na neno la siri nikalitunga mimi. Hakulibadilisha kamwe. "La nini?" alisema. "Weye si ndiye akili zangu?"

Ndani ya mchezo ule kuna banda la michezo midogo. Unadaka mayai yanayodondoka, unafukuza kunguru, unapanga matunda yafanane. Ukishinda unapewa tiketi, na tiketi unazibadilisha kwa zawadi. Kwenye kilimo nilimwacha mbali, maana misimu niliipanga kama ratiba ya shule. Bandani ndiko alikonitoa jasho. Amesuka ukili wa mikeka tangu utotoni, vidole vyake ni vyepesi. Mimi yai hudondoka bado natafuta kapu liko wapi.

"Yai hilo, Bi Mkubwa! Hilo, hilo! Aa, limekwenda," alikuwa akinicheka. "Weye hukuumbiwa kudaka kitu."

Nilicheka naye, lakini kwa meno tu.

Mwaka jana, baada ya miezi mitatu ya kukusanya tiketi, alipata zawadi kubwa kuliko zote: tausi mweupe anayetembea shambani akitandaza mkia. Alipanda bodaboda kutoka Tongoni kuja kunionyesha. Hata baibui hakuvua.

"Tazama, Bi Mkubwa! Marehemu angekuwepo leo angecheka. Si ndivyo alivyokuwa akiniita, tausi wake, tangu wiki ya harusi?"

Sikujua. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mimi aliniita Mwalimu. Hata siku anakata roho aliniita Mwalimu. Nilimzalia watoto wanne. Mke wa pili alipoingia nilimpokea kwa sinia la pilau na mkeka mpya, na watu wakanisifu kwa subira yangu. Nilidhani wivu nimeuzika pamoja na marehemu. Kumbe ulikuwa umekaa tu.

Kwanza nilijaribu kumpata tausi wangu mwenyewe. Wiki nne nilishinda nikidaka mayai mpaka kidole kikavimba, na sikufika hata nusu ya tiketi. Asubuhi moja, baada ya chai, nikafungua shamba lake kwa lile neno la siri. Kuna kitufe cha kumwachilia mnyama usiyemtaka. Mchezo ukaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo. Ndege akaruka, akapotea, nami nikaosha vikombe.

Siku ya pili akaja analia. "Tausi wangu simuoni."

"Utakuwa umemwachilia mwenyewe bila kujua," nikamwambia.

"Mimi? Wallahi sikumgusa!"

"Umri huo, mwenzangu. Juzi si uliniuliza mara mbili leo ni siku gani?"

Nilimwona akijitafuta usoni pangu, na sikumsaidia.

Tangu siku ile hajiamini. Mchezo ameuacha. Anamwita jirani aje kumhakikishia kwamba moto jikoni ameuzima. Binti yake aliyeolewa Moa akasikia, akasema mama amechanganyikiwa, hawezi tena kukaa peke yake. Jumamosi hii anakuja kumchukua. Nyumba itafungwa, na kishamba chake cha mihogo atapewa mtu mwingine. Naye amekubali, kwa kuwa ameamini akili zimemtoka. Akili zake ni nzima kuliko zangu.

Wiki iliyopita alikuja kuniuguza, na Jumapili, kabla hajarudi Tongoni, akataka tutakane radhi, kama ilivyo desturi yetu mgonjwa anapokuwa taabani. Akanishika mkono.

"Bi Mkubwa, niwie radhi kwa yote niliyokukosea. Nami nimekusamehe yote, niyajuayo na nisiyoyajua. Na nikianza kusahau hata jina lako, usinionee haya. Nikumbushe tu."

Nikaitikia amina, nikafumba macho kana kwamba nimeshikwa na usingizi.

Tangu hapo najiuliza kama msamaha ule unanitosha. Amesamehe asichokijua, mimi nakijua. Nikinyamaza nitakufa nikililiwa na watu wangu, yeye ataishi ugenini akijiona punguani. Nikisema, huenda aliyeniosha miguu wiki nzima asitake hata kuja kunizika. Na niseme kweli yote, maana ndiyo iliyonileta hapa: hata leo, nikimkumbuka yule ndege, si majuto yanayotangulia. Bado inaniuma kwamba mwenzangu aliitwa tausi, nami sikuitwa.

Leo ni Jumatano. Simu iko mkononi, namba yake ni ya kwanza kabisa. Nishaurini wanangu, nikimpigia nianze na neno gani?