Askari, batri na siri ya koko wa mu télé

Leo askari aliingia kwetu Mususa kutunyanganya batri ya télé. Bibi yangu akamushinda bila hata fimbo!

Tulikuwa tunaangalia ile série ya koko mwanamuke, muzee wa mvi kama bibi, anayetafutaka bauaji. Tumekimbia vita mara tatu, na kila mara bibi alifunga hizo CD mu kitenge. Sufuria tuliacha. (Mimi pia, ilibakia kidogo aniache.)

Askari anasema: "Batri inaenda. Ni ya radio ya commandant."

Akaichukua, mais macho yake iko ku télé. Koko alikuwa anakaribia kutaja muuaji, na batri ikitoka, télé ikazimika, paf!

"Eh, mama! Ni nani aliua?"

"Weka batri chini, mutoto yangu."

Mutu na bunduki yake, akaweka!

"Ni docteur," bibi akamunongoneza.

Akaenda anacheka, batri ikabakia.

Nikakasirika. Miaka yote nasinziaka mbele mwisho ifike, na mimi hajaniambiaka!

"Donc ni docteur?"

"Weye nawe! Docteur naye anauawa na huyo muuaji ku CD inayofuata."

Bandugu, mukikutana na huyo askari, mufunge vinywa. Na anayejua muuaji wa kweli, aniandikie pembeni, mimi peke yangu.