Benchi Walilomkalisha Keji

Nikisikia harufu ya uji wa muhogo uliolala, hasira hunipanda kabla sijajua ni kwa nini. Ustaza Poni, mwalimu wetu wa mtaa wa Hai Mauna, aliutumia kama gundi. Aliupaka kwenye vipande vya katoni kwa umbo la herufi, akanyunyizia mchanga wa mtoni, akavianika juani. Sisi tulizifuata herufi hizo kwa kidole mpaka ncha iwashe.

Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Kenya baada ya amani kutiwa sahihi, nami nina miaka tisa. Kule nilizoea kupangwa kwa mistari. Hapa vitoto vya miaka mitano, sisi wa katikati, na wasichana wakubwa kabisa, wote mkekani pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake anachokijua. Ustaza, aliyekulia ukimbizini Uganda, alisema, "Hapa darasa iko moja. Mwenye anajua, anaonyesha."

Mimi nilipewa Keji. Alikuwa na miaka kama kumi na tano, vita vyote vilimpitia palepale Juba, na kitabu hakuwahi kukishika. Nilimwonyesha herufi, yeye akanifundisha Kiarabu cha Juba nisichekwe sokoni. Vitoto alivifuta kamasi na kuvifunga vifungo, navyo vikamganda. Akaanza kusoma maneno mafupi. Siku aliyosoma jina lake alicheka mpaka akajilaza mkekani.

Ndipo wazazi wetu, sisi tuliotoka Kenya, wakaja kuharibu. Mama yangu ndiye aliyekuwa mbele. Alisema hakuvuka mpaka ili mwanawe akalishwe chini na watu wa chekechea, shule ni mabenchi na madarasa bwana! Ustaza alijaribu kuwaeleza, wakamwambia hayo ni mambo ya kambini. Mabenchi yakaletwa, tukapimwa kwa kusoma Kiingereza, tukagawanywa.

Keji akatupwa darasa la kwanza. Benchi lilikuwa fupi, magoti yakamfika karibu na kidevu. Na wale wale aliowafuta kamasi wakaanza kumwita nyanya, bibi kizee. Baada ya muda mfupi akaacha kuja.

Nilimfuata kwenye machimbo ya mawe ya Jebel, nikamkuta akiponda kokoto na shangazi yake, nikamsihi arudi. Aliendelea kugonga jiwe.

"Kalas, basi," akasema. "Kwa mkeka nilikuwa mtu. Kwa benchi mimi iko mjinga."

Nyumbani mama alisema Keji amekataa shule mwenyewe, nami nikaamini, maana mama kasema. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Mkekani hakuna aliyejua nani yuko nyuma, ndiyo maana msichana mzima aliweza kuja kila asubuhi bila kuona haya. Haya hiyo tulikuja nayo sisi, pamoja na magodoro na masufuria yetu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone wapi! Tulimkuta mwenyeji anasoma, tukamwacha anaponda mawe.

Mpaka leo mama hujisifu jinsi walivyoiokoa shule ile. Krismasi iliyopita alirudia tena mbele ya wageni kwamba Keji alikataa. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hakukataa. Mlimfukuza."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Lakini wewe si ulisoma?"

Nilisoma, ndiyo. Na hilo ndilo linalonichoma.