Matokeo Yote kwa Jina Moja

Wako watu husema kompyuta haisahau. Urongo mtupu, na nikiusikia hunipanda hasira mpaka leo. Kompyuta husahau, tena kimya kimya, na haina haya.

Miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijatuingilia, nilikuwa fundi katika duka la kompyuta mjini Mombasa. Tajiri wetu alikuwa Muhindi Muislamu, mzaliwa wa papa hapa, mtu mpole ambaye akikuamkia hukuuliza mpaka hali ya jirani yako. Mafundi tulikuwa wawili: mimi wa mtaa wa Kibokoni, na mwenzangu Mrabai, Mkristo, mcheshi, hodari wa kuwabandika wateja majina ya utani. Mimi nilizipokea mashine, nikazipima, nikazifungua na kuzitengeneza. Yeye alizipima tena kabla hazijaondoka.

Kupima kwenyewe kulifanywa na programu moja iliyokaa ndani ya diski. Unaitia, inaisumbua mashine kidogo: inaipa mahesabu, inatazama inasoma upesi kiasi gani, inaangalia ina memori ngapi, kisha inatoa matokeo kwenye skrini. Mwisho inakuomba jina, ili iyaweke matokeo hayo kwenye faili yake, uje uyalinganishe siku nyingine. Sheria ya duka ilikuwa mashine ipimwe ikiingia na ipimwe ikitoka. Sheria nzuri. Ila hakuna aliyetwambia jina liwe lipi.

Sasa mimi, nilivyofunzwa tangu chuoni na mwalimu wa Kurani, kazi haianzwi hivi hivi. Kilipotokea kile kijisanduku cha jina, nikaandika bismillahi. Programu ilikuwa ya kizamani, haikukubali zaidi ya herufi nane, ikakata mwisho: BISMILLA. Sikujali, Mungu ajua nia. Mashine ya pili, vivyo hivyo. Mwenzangu akaniona, naye akafuata, miezi na miezi. Na ile programu, likija jina ambalo inalo tayari, haikuuliza wala haikukohoa. Ilifuta matokeo ya zamani ikaweka mapya. Hatukujua, kwani nani alikuwa na haja ya kutazama ya nyuma? Tulisoma skrini, tukamwambia mteja, basi.

Ikaja siku ofisi moja ya Mbaraki ikatuletea kompyuta zake zote zisafishwe. Nilizipima zikiingia, na kadhaa zilikuwa na nusu ya memori ya zile nyingine. Niliona kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni, mabahili hawa, wamenunua za bei rahisi. Nikazisafisha, mwenzangu akazipima, zikarudi kwao.

Haukupita muda meneja wao akaingia dukani bila hata salamu. Chipu za memori zimechomolewa, akasema, na aliyezifungua mashine ni fundi wenu huyu. Chipu hizo wakati huo zilikuwa ghali kweli, na hazikukosa mnunuzi asiyeuliza zatoka wapi. Tajiri akanitazama. Mimi nikacheka! Wallahi nilicheka, maana nilijiona niko salama.

"Bwana, usitupigie kelele," nikamwambia meneja. "Tulizipima siku zilipoingia. Njoo uone mwenyewe."

Nikatia diski, nikafungua ukurasa wa matokeo, wote watatu wamesimama nyuma yangu. Kulikuwa na mstari mmoja. BISMILLA, na tarehe ya siku ile ile. Nikafunga, nikafungua tena. Mstari mmoja.

"Hii ni ya nani?" tajiri akauliza.

"Ya yule mwalimu wa skuli aliyeleta mashine yake asubuhi," mwenzangu akajibu. Kisha akanigeukia mimi, uso umemsawijika. "Ndugu yangu, nilikuona wewe waandika hivyo kila mara. Nikadhani bila neno hilo haifunguki."

Meneja akaangua kicheko. "Kumbe mwizi wenu ana dini," akasema. Nilitaka kumrukia, na lau nisingejua kwamba kumrukia ndiko kutakakomthibitishia kuwa mimi mwizi, ningemrukia.

Nilihangaika na ile diski mpaka adhana ya magharibi. Faili iliyofutwa tu huweza kurudishwa, wateja wengi nilishawarudishia zao wakaniombea dua. Lakini iliyoandikiwa nyingine juu yake imekwenda, haina marudio. Kila nilichokivuta kilikuwa kile kile, kompyuta ya mwalimu, nzima na yenye afya. Mwenzangu alikaa kando yangu, mzaha wote umemwisha. Alimwapia tajiri kuwa mimi si mwizi. Tajiri akamuuliza zile kompyuta zilikuwa na memori ngapi alipozipima yeye, naye akakiri kuwa hakumbuki hata moja.

Tajiri akaniita pembeni. "Mwanangu, mimi sisemi umeiba," akaniambia. "Lakini mteja ataka mtu, na mimi sina cha kumuonyesha. Kaa nyumbani kidogo." Kidogo gani? Mtu mzima nikafahamu kuwa nimefukuzwa kwa adabu. Mpaka leo naamini chipu zile zilichomolewa huko huko Mbaraki kabla mashine hazijatufikia, na aliyezichomoa alikula akalala. Naamini, lakini nitamwambia nani?

Kibokoni habari hazingoji. Nilipofika mtaani, waliokaa barazani waliitikia salamu yangu wakitazama chini. Mmoja akaniuliza kama kompyuta zaingia mfukoni, wenzake wakajizuia kucheka. Hawa ni watu niliokua nao, tukila sahani moja. Nikapita.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtu mmoja duniani aniamini, basi, mengine yatakwenda yaendavyo. Mamangu alikuwa amesimama ukumbini, ameshasikia. Nikamueleza yote, ile programu, lile jina, matokeo juu ya matokeo. Nikaeleza mpaka sauti ikanikauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akanishika mkono, akasema polepole majirani wasisikie:

"Nimekufahamu, mwanangu. Sasa niambie mimi mamako, uliziuza kwa nani? Twende mimi nawe tukamuombe azitoe. Mungu atatusitiri."

Alikuwa ashavaa buibui.