Daktari Asiyeamkia

Bibi yangu ana presha, na dawa zake huzimeza siku kichwa kikimuuma tu. "Nisipoumwa nameza nini?" ananiuliza. Mwezi uliopita alianguka uani kwetu Makorora, akasema ameteleza. Ua ulikuwa mkavu.

Mimi si msemaji. Darasani nikijua jibu huinamia daftari. Kwa hiyo badala ya kubishana naye nikamfungulia simu, nikamwonyesha daktari mmoja, dada kijana wa hapa hapa Tanga, anayejirekodi akielimisha watu kuhusu presha. Wafuasi anao si haba. Akaanza, "Mambo vipi, familia?"

Bibi akanirudishia simu. "Familia ya nani? Katoto kananiingilia chumbani hakaniamkii, kisha kanifunze kumeza dawa? Zima."

Nikajaribu video nyingine tatu. Zote "Mambo vipi, familia." Zote "Zima."

Siku hiyo niliandika maoni yangu ya kwanza mtandaoni. Niliyafuta mara nne. "Samahani daktari. Bibi yangu ana presha na hamezi dawa. Hakusikilizi kwa sababu humwamkii." Nikatuma, nikaifunika simu kwa mto kana kwamba ingenitaja jina.

Siku ya tatu daktari akatoa video mpya. Koti lile lile jeupe, ila sauti ameishusha. "Shikamooni bibi zangu, shikamooni babu zangu. Kuna bibi kanikosoa, na kosa nimelikubali." Kisha akaeleza kwamba presha haipigi hodi, na dawa humezwa kila siku hata kichwa kikiwa kizima.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaijibu simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia. "Huyo bibi aliyemkosoa, Mungu amzidishie. Wenye adabu bado wapo."

Nilileta maji, akameza.

Asubuhi yake nikampelekea kidonge. Akakitazama tu. "Daktari kashaniamkia leo?"

Nikafungua video ile ile ya jana. "Marahaba," akasema, akameza.

Sasa ni wiki ya tatu, na hajakosa hata siku moja. Mimi humwamkia kabla ya daktari, tena kwa heshima zote, naye huniitikia vizuri. Ila nikitaja dawa tu, ananiuliza udaktari nimesomea wapi.