Muziki wa Joeli Uliomgombanisha na Mama Yake London

Nilikwenda London kwa sababu binti yangu Neema alinipigia simu akilia. Mwanawe Joeli, mpiga fidla, alikuwa amemwambia wazi kwamba anampenda mwanamume mwenzake, na Jumamosi angepiga kanisani muziki wa watunzi wa zamani waliokuwa kama yeye.

"Akiupiga, kwangu asirudi," alisema Neema. "Mama, njoo umzuie. Wewe ndiye mke wake, atakusikia."

Kwetu Njombe bibi na mjukuu ni watani. Tangu azaliwe namwita mume wangu.

Njombe hadi Dar ni basi kutwa nzima. Kwenye ndege sikulala, choo chake kinanguruma kama simba. London Neema alinipokea na koti zito, lakini baridi naijua, Njombe nimezaliwa nayo.

Barking, mtaa wa London anakokaa Neema, nilimkuta Joeli sebuleni, mrefu kama nguzo ya umeme.

"Mume wangu, nasikia umeniletea mke mwenza mwenye ndevu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hana ndevu, Bibi. Ananyoa."

Neema hakucheka. Alikwenda jikoni kugongagonga sufuria.

Nikamwuliza hao watunzi ni kina nani. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mmoja alioa harakaharaka ili watu wanyamaze, ndoa ikamshinda. Mwingine alipokufa, ndugu walichoma barua zake za mapenzi.

"Na nyimbo zake walichoma?"

"Hapana, Bibi. Hizo waliendelea kuimba."

Mimi ni sauti ya pili kwaya ya usharika, nimeimba nyimbo za Wazungu wafu miaka yote bila kuuliza walilala na nani. Wale ndugu walitaka maziwa, ng'ombe wakamfukuza.

Jumamosi mchana tulipanda treni ya chini ya ardhi, mimi na Joeli. Neema alibaki. Kanisani watu walikaa kimya kama msibani. Fidla ilisema taratibu, kama mtu anayemwaga siri kwa mtu wake. Ilipotua nikapiga vigelegele, nikaenda mbele nikamtuza kanga begani. Kumbe wimbo haujaisha. Watu wakaganda. Joeli akaumalizia na kanga yangu begani.

Tuliporudi Barking, Neema alifungua mlango nusu. "Mama, ingia. Yeye hapana."

"Mke analala anapolala mumewe," nikasema, nikaketi kwenye ngazi ya zege.

"Mama, majirani wanaona."

"Waone."

Akauacha mlango wazi, akaenda jikoni. Tulipoingia alikuwa anapakua sahani tatu. Hakumsemesha Joeli, ila yeye Neema alimwekea mwanawe paja la kuku.

Siku ya kuondoka walinisindikiza wote wawili. Hawakuongea sana, lakini Joeli alimbebea mama yake mkoba.

Njombe, wanawake wa kwaya waliniuliza kama nilimzuia. Nikawaambia niliyemzuia ni Neema. Wengine walinuna, wanune. Nilichojifunza ni kwamba mtoto ukimfukuza huchagui kipande cha kufukuza. Anaondoka mzima, na fidla yake, na kicheko chake.