Amina ya Kisimani

Juma lililopita jirani yangu hapa Lubudi alichimbisha kisima. Nilikuwa nikianika nguo wakati udongo wa chini kabisa ulipotupwa juu ya nyasi, na harufu yake ikavuka ua hadi kwangu: harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu katika kiganja chenye jasho. Nilisimama na shuka mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Kwa kitambo nilikuwa tena msichana mdogo wa Kapata, nimekaa kwenye kibao karibu na mbabula, jiko la makaa la mama, nikisubiri kisima kijibu.

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa mgodi nje kidogo ya Kolwezi. Nyumba zimepangwa kwa safu, zote zimefanana, kiasi kwamba baba mmoja wa safu yetu, akitoka kunywa, alizoea kuingia kwetu na kuuliza chakula chake kiko wapi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba akairithi kazi hiyo pamoja na nyumba, na kampuni ilipopunguza watu alibaki na nyumba peke yake. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zilipita juu ya paa letu zikielekea migodini. Sisi tuliwasha taa ya mafuta.

Kila alfajiri, kabla ya chai, nyumba yetu ilisoma Biblia. Sheria ya baba ilikuwa moja: sura moja kwa siku, kwa mpangilio, bila kuruka. Nyumba nyingine zilichagua mistari ya kufariji. Sisi tulikula kilichopakuliwa. Ndiyo maana nilijua, nikiwa mtoto, vipimo vya hema ya jangwani na majina ya watu wengi waliozaa watu wengine wengi, na niliwahi kuamini kwamba Mungu alikuwa karani. Baba alisoma, tukaomba, tukasema Amina kwa pamoja, wote isipokuwa kaka yangu mkubwa Kazadi, Yaya kama tulivyomwita, ambaye kwa kawaida alikuwa amekwisha kulala tena akiwa ameketi.

Miaka hiyo mtaa ulianza kuchimbwa. Watu waligundua kwamba jiwe lenye kobalti halikuwa kule mgodini tu, lilikuwa pia chini ya vitanda vyao. Turubai za rangi ya chungwa zilitokea uani mwa majirani, na chini ya kila turubai palikuwa na shimo. Usiku, ukiweka sikio sakafuni, ulisikia nyumba ikigongwa kwa chini, taratibu, kama mgeni asiye na haraka. Mama aliyatoa masufuria ukutani kwa sababu yalikuwa yakitikisika.

Kazadi alitaka kuchimba. Vijana wa rika lake walikuwa wanatoka pande zote za Congo kuja kufanya hivyo, naye alikuwa amezaliwa juu ya jiwe lenyewe. Baba alimjibu mbele yetu sote, Biblia ikiwa bado wazi mapajani mwake.

"Mutoto wangu hatalala mu shimo kama panya."

"Tata, hata weye ulikuwa unachimba."

"Mi nilichimba na kofia na namba. Weye utachimba na nini?"

Kazadi alivaa viatu, akatoka. Jioni hiyo hakurudi, wala kesho yake. Hakuna aliyejua alishuka shimo gani, na mashimo yalikuwa mengi. Baba aliifunga Biblia na hakuifungua tena. Asubuhi alibaki chumbani, mlango umerudishwa. Basi mama akaichukua, akaipeleka uani alipokuwa akiwasha moto, na sisi tukamfuata na vibao vyetu.

Uani palikuwa na kisima. Kilikuwa kimekauka tangu jirani yetu, Tata Mwilambwe, awaruhusu wachimbaji waweke shimo kwake, na baba alikifunika kwa bati na kulikandamiza kwa jiwe. Tulikatazwa kulisogeza bati hilo, tukakatazwa pia kuita jina la mtu juu yake. Mama aliketi karibu nalo kwa sababu hapo ndipo upepo haukuuzima moto. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Siku chache baada ya Kazadi kuondoka, mama alimaliza sura, akaomba, nasi tukasema Amina. Halafu, baada ya kimya kifupi, kama cha mtu anayemeza mate kwanza, chini ya bati sauti ikasema: Amina.

Haikuwa mwangwi. Mwangwi nilikuwa naujua, ungerudisha sauti zetu za kitoto. Hii ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, si ya kijana wala ya mzee, na haikuwa na haraka. Mdogo wangu alinishika gauni. Mama aliweka alama kwenye ukurasa, akafunga kitabu, akamimina chai. Mkono wake ulikuwa imara, lakini alinipa kikombe changu bila sukari, kosa ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, nani iko mule?"

"Kunywa chai."

"Ni Yaya Kazadi?"

"Kunywa, itapoa."

Kesho yake sauti iliitika tena, na siku zilizofuata. Nilianza kuichunguza jinsi watoto wanavyochunguza kidonda. Mvua ikinyesha ilitoka karibu zaidi. Ikiwa sura ilikuwa ndefu, haikuchoka. Iliitika baada ya habari za wafalme na iliitika vilevile baada ya orodha za majina, jambo ambalo hata shemasi wetu asingeliweza. Nilikuwa na mawazo mawili tu, na yote yalininyima usingizi. La kwanza, kwamba Kazadi alikuwa hai, anachimba chini ya nyumba yake mwenyewe kwa siri. La pili, kwamba hakuwa hai. Sikumwambia mtu hilo la pili. Nilipopita karibu na bati nilibana pumzi.

Mama alibadilika kidogo tu. Alisogeza kibao chake hadi magoti yake yakagusa jiwe. Alisoma kwa sauti kubwa zaidi, uso ukielekea chini. Na tulipokwisha kusema Amina hakufunga kitabu mara moja. Alisubiri. Sauti ikiisha kuitika, ndipo siku ilipoanza.

Tulifika kwenye Ayubu. Kama kawaida hakuna aliyechagua. Asubuhi moja sura iliyokuwa inafuata ilihusu watu wanaochimba mawe gizani, mbali na makao ya wengine, wakining'inia mahali ambapo mguu wa mtu haupiti. Nilimtazama mama kuona kama angeiruka. Alisoma yote. Nyuma ya ukuta wa Tata Mwilambwe, ambako kwa kawaida wakati huo wachimbaji wa usiku walikuwa wakipanda na kutaniana, palikuwa kimya.

Tukasema Amina. Mama akasubiri.

Hakuna kilichojibu. Moto ulipasuka mara moja kwenye mbabula. Mama aliinamisha kichwa hadi sikio likakaribia bati, na ndipo tuliposikia, sote, kitu kingine kabisa: mtu akikohoa. Akakohoa na mwingine.

"Hawa ni batu," mama alisema, akaanza kulisukuma jiwe.

Mlango wa chumba ulifunguka. Baba alitoka na fulana, miguu mitupu, kamba ya zamani ya kisima ikiwa begani, kama mtu aliyekuwa amekaa nayo tayari siku zote hizo. Walisogeza bati pamoja. Ile harufu ya sarafu na jasho ikapanda na kutupiga usoni. Baba alipiga magoti na kufanya kile alichotukataza. Aliita jina la Kazadi ndani ya kisima, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya ugomvi, akaliita tena na tena mpaka sauti ikakwaruza.

"Tushushie kamba, tata," kijana mmoja alijibu kutoka chini.

Baba alivuta, mama akavuta nyuma yake, nami nikashika ncha. Alipanda wa kwanza, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Baba alimsogezea taa usoni, akamwachia. Akapanda wa pili. Taa, uso, akamwachia. Wa tatu alikuwa mdogo kuliko wenzake, anatetemeka hata meno. Baba alimtazama huyo muda mrefu kuliko wengine, kisha akairudisha kamba kisimani.

"Nani amebaki?"

"Hakuna, tata. Ni sisi tu."

"Nimeuliza nani amebaki."

"Hakuna mutu, tata."

Baba aliendelea kuishikilia kamba ikining'inia humo. Vijana walieleza huku wakinywa chai yetu. Mdomo wa shimo lao kwa Tata Mwilambwe ulikuwa umeporomoka. Njia yao ya chini ilikuwa imetoboa ubavu wa kisima chetu zamani, wakaziba tundu kwa magunia, na walipokosa pa kutokea waliyang'oa magunia hayo, wakaufuata usomaji wa mama.

"Na nani kati yenu alikuwa anaitika?" mama aliuliza.

Walitazamana. Yule mdogo ndiye aliyejibu.

"Hatukuitikaka, mama. Tulikuwa tunanyamaza, juu ya kuogopa mutajua tuko chini ya nyumba yenu. Ile sauti, tulizani ni tata."

Wote tukamgeukia baba. Baba alitikisa kichwa polepole. Mama alimwongezea kijana sukari, akamuuliza mama yake anaishi wapi, na kama anajua kwamba mwanawe yuko hai.

Kesho yake baba alitoka uani na kibao chake, akapokea Biblia, akasoma sura iliyofuata. Bati lilikuwa limeachwa nusu wazi. Tulisema Amina na baba akasubiri, jinsi mama alivyokuwa akisubiri. Hatukusikia kitu, siku hiyo wala baadaye. Kazadi hajarudi mpaka leo.

Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipothubutu kumuuliza mama yangu kama aliamini kuwa ni Kazadi.

Alicheka kidogo. "Kazadi? Ule hakufikiaka kwenye Amina hata siku moja. Alikuwa anasinzia mbele ya mustari wa tatu. Nilijua siku ya kwanza haiko yeye."

"Sasa ulikuwa unamusomea nani?"

"Mi sijui." Alifikiri. "Lakini kama mutu anaitika, utafunga kitabu namna gani?"

Utotoni nilidhani mama aliketi pale akingoja jibu lake. Sikuelewa kwamba jibu alilopata halikuwa lake, kwamba alijua hivyo, na bado kila alfajiri alisogeza kibao karibu zaidi. Watatu walitoka gizani kwa sababu hiyo. Ni nani aliyetuitikia, wao pia wakamsikia, nimeacha kutafuta.

Jioni ile ya kisima cha jirani tulisoma kama kawaida, sura iliyofuata, watoto wakipokezana. Tukasema Amina. Mwanangu wa mwisho alinyoosha mkono kufunga kitabu, akaona sijakiachia.

"Mama, unangoja nani?"

Nilisikiliza kidogo zaidi. Kisha nikamwambia aweke alama mahali tulipoishia.