Walinisifu kwa Kubaki, Kumbe Niliogopa

Nianze na aibu yenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Mimi ni mwongo. Uongo wangu ulikuwa mtamu, watu wakaupigia makofi, na mtoto wa watu akaulipia.

Ni Mtanzania, mtu wa Tanga, nafundisha mpira wa kikapu katika chuo kimoja kidogo hapa Buffalo, Marekani. Nakaa Black Rock, kwenye nyumba kuukuu inayopitisha upepo kila baridi ikija. Waswahili wa huku wananiita Kocha Aliyebaki. Laiti wangejua!

Ilikuwa hivi. Timu moja ya kulipwa ilinitaka niwe kocha msaidizi. Wakaniita Columbus, walikokuwa wamepiga kambi, nikasimamie mazoezi wanione kazi yangu. Jamani, nilikwenda na viatu vipya! Nikapuliza filimbi, nikamwambia staa wao mmoja apinde magoti akabe vizuri. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akaenda zake kunywa maji. Makocha wenyeji wakajifanya hawakuona.

Nikanywea pale pale. Chuoni kwangu nikikohoa tu vijana wanakimbia. Wa kucheza namchagua mimi, wa kukaa benchi namkalisha mimi, na ufadhili wao wa masomo unategemea neno langu. Kwa wale wa kulipwa ningemtisha nani? Mchezaji anakuzidi mshahara mara sijui ngapi, na mkigombana, anayefukuzwa ni wewe. Tuko makocha tunaong'ang'ania vyuoni kwa sababu hiyo tu, na tukiulizwa tunasema tunapenda kulea vijana. Wapo wanaopenda kweli, sikatai. Mimi niliogopa.

Nikawakatalia. Niliporudi mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, kazi ya ndoto yako, umeikataaje?"

Ningesema nimeogopa? Mwanamume mzima? Nikashusha pumzi, nikasema, "Mke wangu, siwezi kumwacha Fiston."

Fiston alikuwa mchezaji wangu bora, kijana wa Kikongomani kutoka Kivu. Mama yake anaishi Louisville, upande wa Iroquois, na mimi ndiye niliyekwenda sebuleni kwake kumwomba mtoto, nikaahidi nitamlea kama wangu. Mke wangu kusikia vile akatokwa na machozi. Akapiga simu huku, akapiga simu kule. Habari ilifika Louisville kabla sijamaliza kula!

Tulipokwenda kuwatembelea nikakuta kanisa zima linanisubiri. Mimi Mwislamu nikaketishwa kiti cha mbele! Mama Fiston akanifunika kitenge mabegani, akatangaza kwamba mumewe alimzika Kongo, na kuanzia siku ile baba wa mtoto wake ni mimi. Vigelegele, ngoma, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, mpaka tukashindwa kuinuka.

Kwao hilo si neno la kufurahishana. Ukishapewa mtoto mbele ya kanisa, kauli yako inapita hata ya mjomba wake. Nami nikapokea kwa mikono miwili, huku najua kitenge kile nimekipata kwa uongo.

Mwaka uliofuata Fiston akanifuata ofisini. Alikuwa amebakiza msimu mmoja chuoni, lakini wakala alikuwa amemtafutia timu ya kulipwa Ufaransa. Kifaransa anacho, umri anao, mwili unamtii. Akanieleza kwa Kiingereza, kama vijana wao wote, kwamba anataka aende sasa ili mama yake apumzike na kazi ya kuinua wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Nikampongeza, nikamkumbatia. Moyoni nilikuwa nawaza tutakavyofungwa asipokuwepo.

Mama yake akaitisha kikao, nikaendesha gari hadi Iroquois. Wajomba walijaa sebuleni, na wote walikuwa wananitazama mimi. Ningesema tu "mwacheni mtoto aende", yangekwisha. Badala yake nikalegeza sauti, nikajifanya mnyenyekevu. "Mimi sina neno. Ila nafasi kama hiyo, mimi niliikataa."

Ee Mola, ulimi ule ungekatika!

Mama Fiston akasimama. "Bon. Fiston, sikiya muzuri. Huyu baba alikataa franga mingi juu yako. Donc sasa wewe unamuacha? Kwetu hatufanyake vile. Utanipatisha haya mbele ya batu."

"Mama, ni maisha yangu," kijana akasema.

"Maisha yako nani aliyalinda?"

Fiston akanigeukia. Akakiacha Kiingereza, akaniuliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Baba, uwaambie. Ni kweli ulibakia juu yangu?"

Hakuwahi kuniita baba. Siku zote nilikuwa Kocha tu. Na mlango wa kutokea ulikuwa wazi pale pale, ndugu zangu, ningetoka na aibu yangu mwenyewe basi. Nikaangalia wajomba, nikamwangalia mama yake, nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Kwa ajili yako."

Akainamisha kichwa. Akabaki.

Goti lake liliharibika msimu ukiwa bado mchanga. Alikuwa anarudi nyuma kukaba, hakuna aliyemgusa. Mlio wake niliusikia nikiwa benchi. Wakampasua, akapona, akarudi uwanjani, likaharibika tena. Watu wa Ufaransa wakaacha kupiga simu. Mpira wake ukaishia hapo.

Halafu timu nyingine ya kulipwa ikanitafuta! Safari hii nilikuwa tayari kwenda hata kubeba chupa za maji, ilimradi nitoke pale uwanjani alipoangukia. Nikamwambia mke wangu. Akaacha kukata kitunguu.

"Si ulisema huwezi kuwaacha vijana? Mtoto wa watu ameumia mikononi mwako, halafu ufungashe uende? Tutamtazama vipi Mama Fiston?"

Kuondoka ni kukiri. Nikakataa tena, na wakanisifu tena! Kila mtu akitoka Louisville kuja huku anabeba sombe ya Mama Fiston iliyogandishwa, na salamu juu: "Mwambie baba tunamuombea." Mke wangu anaipika vizuri. Mimi nasingizia nimeshiba.

Fiston siku hizi yuko Columbus, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mimi kwenda Louisville kwa gari lazima nipite huko huko. Mara kadhaa nilipita nimekaza macho barabarani kama mwizi. Siku moja nikashindwa, nikamsubiri kwenye maegesho ya kazini kwake wakati wa mapumziko. Akaja anachechemea, anatabasamu. Nikamwambia yote. Staa, maji, woga, kila kitu.

Hakushangaa hata kidogo. "Nilijua, Kocha. Siku ile sebuleni ulichelewa kujibu."

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Basi nakwenda sasa hivi kwa mama yako nimwambie ukweli. Kisha naacha kazi, niende zangu."

"Hapana." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu. "Mama anaamini alinizuia kwa sababu ya haki. Ukimwambia, atajua alinizuia bure. Atauweka wapi mzigo ule? Mimi goti linanitosha, usimuongezee na yeye." Akaniachia. "Ulisema ulibakia juu yangu. Sasa bakia kweli."

Mapumziko yakaisha, akarudi ndani.

Nimebaki. Simu za timu za kulipwa sipokei tena. Nafundisha, natabasamu, nashukuriwa. Ukweli, mbali na Fiston, nimewaambia ninyi tu, bila jina langu, na majina mengine nimeyabadilisha.

Wewe unayesifiwa kwa wema ambao hukuufanya, nakusihi, ikatae sifa hiyo leo, wakati aibu bado ni yako peke yako. Ukichelewa, itawaingiza watu wengine ndani, na huwezi tena kutoka bila kuwakanyaga.

Jumapili kanisa la Mama Fiston lina sherehe ya shukrani, na nimealikwa kiti cha mbele. Mke wangu ameshakipiga pasi kile kitenge.